Swali Moja, Majibu Mawili: Kuifuatilia Hitilafu Inayotokea na Kutoweka katika Hifadhidata

Mfanyabiashara wa Kariakoo akiweka jiwe la kilo 1 juu ya mizani yake mara kumi, mizani hiyo haina budi kuonyesha kilo 1 mara zote kumi. Ikionyesha gramu 900 kila mara, ni mbovu, lakini ubovu wake unajulikana na fundi aweza kuusahihisha. Ikionyesha kilo 1 mara tisa na gramu 900 mara moja, taabu ni kubwa zaidi. Mnunuzi hajui ni lini anapunjwa, na mkaguzi wa Wakala wa Vipimo akifika wakati mizani imetulia, ataipitisha kuwa ni nzima. Kosa linalotokea mara moja moja ni gumu kulikamata kuliko kosa la kila siku.

Makala haya yanahusu hitilafu ya aina hiyo katika kompyuta. Swali lile lile, likiulizwa kwa maneno yale yale, hupata jibu moja asubuhi na jibu jingine usiku. Kwa anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza, huonekana kama uchawi wa mashine. Tutaonyesha kwamba si uchawi. Kwamba mara nyingi mashine imetii kikamilifu, na kilichopungua ni maelezo katika swali lenyewe au katika mazingira ya kuliuliza. Na kwamba ipo njia ya kisayansi ya kuifuatilia sababu hadi kuipata.

Hifadhidata, ulizo na jaribio

Hifadhidata ni mkusanyiko wa kumbukumbu uliopangwa katika majedwali ndani ya kompyuta, ili kumbukumbu hizo ziweze kutafutwa na kuhesabiwa kwa haraka. Kila mstari wa jedwali ni kumbukumbu moja, mathalani mwanafunzi mmoja. Kila safu ni sifa moja, mathalani jina, namba ya usajili au alama. Anayetaka habari hupeleka ombi liitwalo ulizo, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya SQL, nayo hifadhidata hurudisha mistari inayolingana na ombi hilo.

Watunzi wa programu huandika pia programu nyingine ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kuipima ile kubwa. Hizi ndizo majaribio ya kujiendesha. Kila jaribio huweka kumbukumbu zinazojulikana, hutoa ulizo, kisha hulinganisha jibu lililopatikana na jibu lililotarajiwa. Yakilingana, jaribio limefaulu, yakitofautiana, limeshindwa. Programu kubwa huwa na majaribio mamia au maelfu, na mashine huyaendesha yote kila mara mtunzi anapobadilisha jambo, hata usiku watu wakiwa wamelala.

Jaribio linalofaulu leo na kushindwa kesho, hali hakuna aliyegusa hata herufi moja ya programu, tutaliita jaribio kigeugeu.

Kwa nini jambo hili lina uzito kwetu

Msomaji akitembea Upanga, jijini Dar es Salaam, atapita Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, shule za sekondari za Tambaza na Azania, na Maktaba Kuu ya Taifa kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Taasisi hizi hazifanani kwa kazi, lakini zote huishi kwa orodha: orodha ya wagonjwa, ya wanafunzi, ya vitabu. Orodha ambazo zamani zilikaa katika madaftari makubwa zimekuwa zikihamia kwenye hifadhidata, moja baada ya nyingine.

Sekta ya afya ni mfano mzuri. Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya nchini wanavijua vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambamo hudhurio, chanjo na uzazi huandikwa kwa mkono. Hesabu za vitabu hivyo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao maendeleo yake yanaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na ambao unatumiwa na wizara za afya za nchi nyingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa miaka mingi katika kuutumia na kuurekebisha mfumo huo hapa nchini. Chini yake imo hifadhidata ya PostgreSQL, na maandishi ya programu yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma, pamoja na majaribio yake ya kujiendesha. Ulizo likikosea katika mfumo wa namna hiyo, dozi za chanjo zaweza kupelekwa wilaya isiyozihitaji.

Historia yetu inatukumbusha pia gharama ya mashine kutoaminika. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matumizi ya mitambo hiyo katika hesabu za Serikali kuleta matatizo makubwa. Katazo hilo lilikuja kulegezwa hatua kwa hatua. Fundisho lake halijapitwa na wakati: watu wasipoweza kuliamini jibu la mashine, huiacha mashine, hata kama sehemu kubwa ya majibu yake ni sahihi.

Sasa tuzitazame sababu kuu nne.

Sababu ya kwanza: mpangilio ambao haukuombwa

Tuchukue mfano wa darasa dogo la kidato cha pili, lenye wanafunzi wanane. Namba ya usajili ndiyo inayotangulia, kisha jina na alama za hisabati.

1. Asha, 71
2. Baraka, 64
3. Chausiku, 82
4. Daudi, 71
5. Eliza, 90
6. Fatuma, 58
7. Gabriel, 66
8. Halima, 49

Mtunzi anaandika ulizo: «Nipe wanafunzi watatu wa darasa hili.» Anaendesha ulizo lake mara ishirini, na kila mara anapata Asha, Baraka na Chausiku. Anaridhika, anaandika katika jaribio kwamba jibu linalotarajiwa ni hilo. Baada ya wiki mbili alama za Asha zinasahihishwa, na ghafla jibu linakuwa Baraka, Chausiku na Daudi. Jaribio linashindwa.

Je, hifadhidata imekosea? La. Iliombwa wanafunzi watatu, ikatoa wanafunzi watatu. Mwaka 1970 Edgar Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali. Katika nadharia yake jedwali ni seti, kwa maana ile ile inayofundishwa katika hisabati za sekondari. Nasi twajua kwamba seti yenye Asha na Baraka ni seti ile ile yenye Baraka na Asha. Seti haina wa kwanza wala wa mwisho. Lugha ya SQL imerithi kanuni hiyo: pasipo maneno ORDER BY, yaani amri ya kupanga, hifadhidata haina wajibu wa kufuata mpangilio wowote.

Mpangilio ule uliojirudia mara ishirini ulitokana tu na jinsi mistari ilivyolala kwenye diski. PostgreSQL inapobadilisha mstari haiufuti wa zamani papo hapo. Huandika nakala mpya mahali penye nafasi. Ndiyo sababu Asha, baada ya alama zake kusahihishwa, alihamia nyuma ya wenzake. Aidha, tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, PostgreSQL ikiona maulizo mawili yanasoma jedwali moja kubwa kwa wakati mmoja, huweza kuliacha la pili lianzie pale la kwanza lilipofika, ili kuokoa kazi ya diski. Jibu huwa na mistari ile ile, lakini huanza katikati.

Hata aliyeomba mpangilio aweza kunaswa. Tuseme ulizo ni: «Nipe wanafunzi watatu wenye alama za juu.» Eliza ana 90 na Chausiku 82, hao hawana ubishi. Lakini nafasi ya tatu ina watu wawili, Asha na Daudi, wote wana 71. Hifadhidata itamtoa mmoja wao, na leo yaweza kuwa Asha, kesho Daudi. Iwapo nafasi ya tatu inabeba ufadhili wa masomo, jambo hili si la mzaha.

Dawa ni kulikamilisha swali. Mpangilio humalizika kwa sifa isiyoweza kulingana baina ya watu wawili, kama namba ya usajili: «kwa alama, kuanzia za juu, zikilingana, kwa namba ya usajili.» Pale ambapo mpangilio hauna maana kwa mtumiaji, jaribio lilinganishe majibu kama seti, bila kujali nani ametangulia.

Mpangilio huathiri hata jumla. Kompyuta ikihifadhi desimali kwa mfumo wa kukadiria, 0.1 na 0.2 zikijumlishwa kwanza, kisha ikaongezwa 0.3, jibu huwa 0.6000000000000001. Zikijumlishwa kwanza 0.2 na 0.3, kisha ikaongezwa 0.1, jibu huwa 0.6 kamili. Kwa hiyo ulizo la jumla laweza kutofautiana katika tarakimu ya mwisho kwa sababu tu mistari imesomwa kwa zamu nyingine. Fedha, kwa sababu hiyo, huhifadhiwa kwa namba kamili au kwa aina ya desimali isiyokadiriwa.

Sababu ya pili: saa tatu za usiku wa manane

Sababu ya pili ni saa. Saa za Afrika Mashariki zimetangulia saa za kimataifa, ziandikwazo kwa kifupi UTC, kwa muda wa saa 3. Kompyuta nyingi za huduma huwekwa kwenye UTC, popote zilipo duniani. Kwa hiyo kila siku, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kwa majira yetu, sisi tumekwisha kuingia siku mpya hali kompyuta hizo zingali katika siku ya jana.

Fikiria ulizo la hospitali: «Hesabu watoto waliozaliwa leo.» Jaribio linaandika mtoto mmoja mwenye tarehe ya leo kwa saa za Dar es Salaam, kisha linauliza, na linatarajia kujibiwa 1. Likiendeshwa mchana hufaulu siku zote. Likiendeshwa saa saba na nusu usiku, kompyuta inadhani «leo» ni jana, na jibu ni 0. Mtunzi akifika kazini asubuhi huona taarifa ya kushindwa, huliendesha tena mbele ya macho yake, nalo hufaulu. Hushangaa, hulisamehe, na usiku unaofuata mambo hurudia yale yale.

Katika kazi halisi kosa hili si la usiku mmoja tu. Mtoto aliyezaliwa saa saba na nusu usiku kuamkia tarehe 1 Julai ataandikwa, kwa UTC, tarehe 30 Juni. Amehamishwa siku, amehamishwa mwezi, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai, amehamishwa hata mwaka wa bajeti.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, ulizo litaje bayana ni saa za mahali gani zinazohusika. Neno «leo» peke yake halitoshi. Pili, jaribio lisiitegemee saa ya ukutani. Lipewe saa bandia iliyosimamishwa mahali palipochaguliwa, na pawepo majaribio mawili: moja la adhuhuri na moja la saa saba usiku.

Sababu ya tatu: herufi na alama zake

Kiswahili na lugha nyingine za nchi yetu zina sauti ng', nayo ina alama ya ritifaa. Jambo hilo dogo huzaa mashaka makubwa. Kompyuta huitambua kila alama kwa namba. Ritifaa iliyonyooka ni namba 39, na ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, ni namba 8217. Kwa jicho la mtu, Ng'wale aliyeandikwa kwa namna hii na aliyeandikwa kwa namna ile ni mtu mmoja. Kwa hifadhidata ni watu wawili. Aliyesajiliwa kwa simu hatapatikana na karani anayemtafuta kwa kibodi ya ofisi.

Upo pia utata wa kupanga kialfabeti. Kwa kanuni ya namba za herufi, Ng'wale humtangulia Ngasa, kwa kuwa ritifaa ni 39 na herufi a ni 97. Kwa kanuni ya kikamusi, ambayo mwanzoni huipuuza ritifaa, Ngasa ndiye humtangulia Ng'wale. Kwa kanuni ya kwanza hata «Zuhura» hutangulia «asha», kwa sababu herufi kubwa zina namba ndogo kuliko herufi ndogo. Kompyuta ya mtunzi ikifuata kanuni moja na ile inayoendesha majaribio ikifuata nyingine, jaribio litafaulu kwa mmoja na kushindwa kwa mwingine, na kila mmoja atamwona mwenzake kuwa mzembe.

Mwaka 2018 jambo hili liliwapata watu wengi duniani. Maktaba ya msingi ya Linux iitwayo glibc, katika toleo la 2.28 la mwezi Agosti, ilibadilisha kanuni zake za kupanga herufi. Hifadhidata za PostgreSQL zilizozitegemea kanuni hizo zilikuwa na faharasa zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani, na sasa zilisomwa kwa mpangilio mpya. Ilikuwa kama mtu anayetafuta neno katika kamusi ambayo kurasa zake zimepangwa kwa alfabeti asiyoijua: neno limo, lakini yeye hulipita. Ulizo liliweza kusema mtu fulani hayumo, hali yumo. Tiba ilikuwa kuzijenga upya faharasa zilizohusika.

Tofauti za namna hiyo huzidi pale watunzi wanapojaribu programu kwenye hifadhidata nyepesi, kama SQLite, wakati kazi yenyewe hufanyika kwenye PostgreSQL. Zikiachwa katika desturi zao na kuombwa mpangilio wa kupanda, SQLite hutanguliza mistari yenye nafasi tupu, PostgreSQL huiweka mwisho. Kwa amri LIKE, SQLite haitofautishi «asha» na «Asha», PostgreSQL huwatofautisha. Yafaa majaribio ya maulizo yaendeshwe kwenye hifadhidata ya aina ile ile, na ikiwezekana ya toleo lile lile, litakalotumika kazini.

Sababu ya nne: jirani asiyefuta ubao

Mwalimu anayeingia darasani na kukuta ubao umejaa michoro ya somo lililotangulia anaifahamu sababu ya nne. Jaribio la kwanza linaongeza mwanafunzi wa tisa katika jedwali letu na halimwondoi. Jaribio la pili linahesabu wanafunzi, linatarajia 8, linapata 9. Likiendeshwa peke yake hufaulu. Likitanguliwa na mwenzake hushindwa. Na majaribio yakiendeshwa sambamba ili kuokoa muda, ushindi wake hutegemea nani amewahi kwa sehemu ya sekunde.

Dawa ya kawaida ni kulifunga kila jaribio ndani ya muamala, yaani kifungu cha kazi ambacho hifadhidata huweza kukitengua chote mwishoni, kama kwamba hakikufanyika. Lakini hata hapo pana mtego. Katika PostgreSQL vihesabio vinavyotoa namba za usajili havirudi nyuma muamala unapotenguliwa. Jaribio linalotarajia mwanafunzi mpya apewe namba 9 litakuta amepewa 10 au 15, kulingana na majaribio mangapi yametangulia. Lisitarajie namba, liulize ni namba gani imetolewa, kisha liitumie hiyo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa marekebisho 201 ya majaribio vigeugeu katika miradi 51 ya programu huria za Apache. Utafiti huo ulihusu majaribio ya kila aina, si ya hifadhidata pekee. Katika yale ambayo sababu yake iliweza kuainishwa, takriban asilimia 45 yalikuwa ya jaribio kuuliza kabla kazi iliyoagizwa haijakamilika, asilimia 20 yalitokana na kazi zinazokwenda sambamba kugongana, na asilimia 12 yalitegemea zamu ya majaribio.

Namna ya kuchunguza

Sasa tufike kwenye kazi ya upelelezi. Kishawishi cha kwanza, nacho ndicho kibaya kuliko vyote, ni kuliendesha jaribio tena na tena hadi lifaulu, kisha kuendelea na shughuli. Anayefanya hivyo ametupa ushahidi. Kushindwa kule kulikuwa habari: palikuwa na hali fulani ambayo programu haikuweza kuistahimili.

Hatua ya kwanza ni kuandika hali zote za wakati wa kushindwa: saa, mashine, toleo la hifadhidata, zamu ya majaribio, na jibu kamili lililopatikana. Neno «limeshindwa» peke yake halisaidii. Jibu lenye mistari ile ile kwa mpangilio mwingine huelekeza kwenye sababu ya kwanza. Pungufu la mstari wa leo huelekeza kwenye saa. Mstari mgeni huelekeza kwa jirani.

Hatua ya pili ni kubuni dhana na kuijaribu kwa kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kama tufanyavyo maabara. Dhana ni saa? Isogeze saa ya jaribio hadi saa saba usiku, mengine yaache yalivyo. Dhana ni mpangilio? Ziingize kumbukumbu zile zile kinyumenyume. Lengo la hatua hii ni kuifanya hitilafu itokee kila mara. Hitilafu inayotokea kila mara imekwisha kushikwa nusu.

Hatua ya tatu, iwapo jirani ndiye mshukiwa, ni kugawa kwa mbili. Majaribio 64 yametangulia lile linaloshindwa. Endesha 32 ya kwanza kisha hilo. Likishindwa, mkosaji yumo humo. Likifaulu, yumo katika 32 yaliyobaki. Endelea na 16, 8, 4, 2, hadi 1. Iwapo mkosaji ni mmoja tu, hatua 6 zatosha, kwa kuwa 64 ni mbili kwa kipeo cha sita.

Hesabu ya kurudia

Baada ya kurekebisha, mtunzi ataendesha jaribio mara ngapi kabla ya kusema amepona? Hapa nadharia ya uwezekano, iliyomo katika masomo ya sekondari, hutoa jibu. Tuseme jaribio lilikuwa likishindwa mara 1 katika 10. Hata kama marekebisho hayakufaa kitu, uwezekano wa kufaulu mara tano mfululizo ni 0.9 kwa kipeo cha tano, yaani 0.59. Ni zaidi ya nusu! Ili uwezekano wa kudanganyika ushuke chini ya asilimia 5, jaribio halina budi kufaulu mara 29 mfululizo.

Hesabu hiyo hiyo yaonyesha hatari ya kurudia kwa kusamehe. Mfumo uliowekwa kurudia jaribio hadi mara tatu na kuridhika na ufaulu mmoja utaificha hitilafu ya mara 1 katika 10 isionekane ila mara 1 katika 1000. Na majaribio 500, kila moja likiwa na hitilafu ya mara 1 tu katika 1000, yataleta angalau taarifa moja ya kushindwa katika takriban asilimia 39 ya maendesho yote. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilieleza kwamba kiasi cha asilimia 1.5 ya matokeo ya majaribio yake ni ya kigeugeu, na kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na ugeugeu wa kiwango fulani. Katika kelele za namna hiyo watu huzoea kupuuza, na siku kengele itakapolia kwa haki, hakuna atakayeinuka.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuyaonyesha haya bila kompyuta. Andikeni wale wanafunzi wanane kwenye kadi nane, mtengeneze seti tatu zinazofanana, na wanafunzi watatu wawe makarani, kila mmoja akichanganya kadi zake. Kwanza waambieni: «Toa kadi tatu.» Linganisheni majibu. Pili: «Toa kadi tatu zenye alama za juu.» Angalieni nafasi ya tatu. Tatu: «Toa kadi tatu zenye alama za juu; zikilingana, tanguliza namba ndogo ya usajili.» Mara hii makarani wote watatoa Eliza, Chausiku na Asha, hata kadi zichanganywe vipi. Darasa lijadili: katika awamu ya kwanza na ya pili, karani yupi alikosea?

Kisha wekeni mbegu kumi katika kopo, moja ikiwa ya rangi tofauti. Kila mwanafunzi achote mbegu moja bila kutazama, aandike rangi yake, na airudishe, mara tano. Hesabuni ni wangapi hawakuiona kabisa mbegu ya rangi tofauti. Darasa la wanafunzi 40 litegemee wapatao 23 au 24, yaani zaidi ya nusu. Wote hao, kama wangekuwa watunzi wa programu, wangeondoka wakiamini kwamba kopo halina hitilafu.

Walio na kompyuta shuleni wanaweza kuendelea. SQLite na PostgreSQL zote hupatikana bila malipo. Jengeni jedwali la wanafunzi wanane katika kila moja, moja ya alama iachwe tupu, halafu toeni ulizo lile lile la kupanga kwa alama pande zote mbili. Majibu yatakapotofautiana, kabla ya kuuliza ni ipi iliyokosea, lisomeni upya swali lenu na mwandike maneno ambayo halikuyasema.